MAGANZO: Landrover ya babu yakohoa!

Wiki hii safu yako iko Maganzo, kamji ka barabarani kati ya Shinyanga na Mwanza, mlangoni kabisa mwa Mwadui, kule John Williamson alikogundua almasi mwaka 1940. Almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana mgodini hapo mwaka 1947 alizawadiwa Princess Elizabeth wa Uingereza. Mchezo?

Mimi lakini sikufuata jiwe, nilifuata chuma. Landrover ya marehemu babu ilikuwa juu ya mawe, chini ya mwarobaini, mwaka wa tisa sasa. Mnunuzi wa vyuma chakavu keshafika na mzani wake, na mimi moyoni nilishaanza kuzitumbua hizo hela. Bibi akakata shauri: "Mjukuu wangu, ikikohoa inabaki. Ikinyamaza, chukueni."

Akaitwa fundi. Nilidhani atapiga stata tu, mambo yaishe. Wapi! "Ukiilazimisha hii, unaiua," akaniambia.

Kwanza akawatimua panya waliojenga chini ya boneti, akaunga nyaya walizotafuna. Akamwaga oili nzee na petroli iliyokwisha chacha, inanuka kama vanishi. Akachomoa plagi nne, akatia oili kidogo kila silinda, tukaiacha ilale hivyo. Asubuhi akaizungusha injini kwa hendeli, taratibu. Ikagoma, ikagoma, kisha ikalegea. Akapiga msasa pointi, akaosha kabureta, akatia oili na petroli mpya, akajaza maji kwenye rejeta, akafunga betri ya kuazima.

Mara ya kwanza, kimya. Yule bwana wa mzani akatabasamu. Mara ya pili, moshi tu. Mara ya tatu, mwanangu, ikakohoa! Kuku wakatimka, watoto wa jirani wakajaa uani.

Nikataka kuiendesha papo hapo. Fundi akachomoa ufunguo. "Kuwaka si kutembea, dogo. Breki zimeganda. Utasimama na nini?"

Bibi hakupiga vigelegele. Alifungua mlango wa kushoto, akakaa pale alipozoea kukaa, akatazama mbele kama vile safari imeanza.

Mnunuzi akabeba mzani wake. Hela zangu zikayeyuka, nikarudi na basi, na wala roho hainiumi. Wewe unayetaka kuuza cha wazee, umemuuliza bibi? Tukutane wiki ijayo!