Mchagua Baiskeli

Mwaka wangu wa kwanza chuoni, katika darasa la fasihi simulizi, tulifundishwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Niliikubali methali hiyo papo hapo, maana ndivyo nilivyolelewa. Nyumbani kwetu Nyanza, baba alikuwa na baiskeli moja nyeusi, nzito, ya kubebea madumu ya maziwa, na hakuna aliyewahi kuuliza ni ya saizi gani. Sisi watoto tulijifunza kuiendesha kwa kupitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu, mwili umepinda upande, kwa sababu kwenye kiti hatukufika. Baba alituambia tuvumilie, tutakua.

Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu la Afrika. Nilisafiri kutoka Huye kwenda kuyaona. Nilisimama kando ya barabara pamoja na maelfu ya watu, nikawaona wanawake wakipanda milima ile wamekaa wametulia, migongo imelala, magoti yanakwenda kama cherehani. Siku ile Magdeleine Vallieres wa Kanada ndiye aliyeshinda. Nilirudi Huye nimeamua kwamba na mimi nitanunua baiskeli ya mbio, niwe naitumia kwenda nyumbani mwisho wa juma. Kutoka Huye hadi kwetu ni karibu kilomita 40.

Nilikuwa na akiba ya miaka miwili, fedha za kufundisha watoto masomo ya ziada wakati wa likizo. Kwa muuzaji wa baiskeli za mtumba niliikuta moja ya buluu, inang'aa, nyepesi kiasi kwamba niliinyanyua kwa mkono mmoja. Kwenye fremu paliandikwa 56. Niliposimama juu yake, bomba la juu lilinigusa, na nilipokaa kwenye kiti ilinibidi nijinyooshe kuufikia usukani.

"Utaizoea, dada," muuzaji alisema. "Kiti tutakishusha."

Nikalipa faranga 350,000.

Safari ya kwanza ilinichosha shingo. Ya pili ikaleta maumivu ya mabega. Nilijilaumu mwenyewe, nikasema sina mazoezi. Ili niufikie usukani vizuri, nilikisogeza kiti mbele na kukishusha zaidi. Mikono ikapata nafuu kidogo, lakini magoti yakaanza kuuma kwa mbele. Kila nilipotibu sehemu moja, nyingine iliugua. Hata hivyo sikumwambia mtu. Ningemwambia nani kwamba baiskeli niliyoinunua kwa akiba yangu yote ilikuwa inaniumiza?

Januari, Jumapili moja, nilirudi Huye kutoka nyumbani kwa baiskeli. Kesho yake asubuhi tulikuwa na mtihani wa isimu. Nilipoketi na kushika kalamu, kidole cha mwisho na cha pili yake katika mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi. Kalamu iliteleza. Mwandiko wangu ulikuwa kama wa mtoto wa chekechea. Swali la mwisho, ambalo nililijua vizuri kuliko yote, nililiacha nusu kwa sababu muda uliisha na mkono haukuwa na nguvu. Nilifaulu kwa alama chache sana. Pengine mhadhiri wangu alidhani sikusoma. Kama ataisoma insha hii, ajue kwamba nilisoma.

Rafiki ninayeishi naye chumba kimoja ndiye aliyenipeleka kwa fundi mmoja mzee mjini, mtu aliyewahi kushindana ujanani. Fundi hakuigusa baiskeli. Alinitazama mimi, akaniambia nivue viatu na nisimame mgongo ukutani.

"Una kitabu kinene?" aliuliza.

Kwenye mkoba nilikuwa na kamusi ya Kiswahili. Akanielekeza niibane kati ya mapaja, juu kabisa, kama mtu aliyekalia kiti cha baiskeli, kisha akageuka upande wa pili. Rafiki yangu akachora mstari ukutani mahali mgongo wa kamusi ulipofika, tukapima hadi sakafuni. Sentimita 76.

Fundi akachukua simu yake, akapiga hesabu. Sabini na sita mara 0.67 ni karibu 51. Hiyo ndiyo saizi ya fremu ambayo ningeanzia kutafuta. Sabini na sita mara 0.883 ni 67.1. Huo ndio urefu, kwa sentimita, kutoka katikati ya mhimili wa pedali hadi juu ya kiti. Alinionya kwamba namba hizi ni za kuanzia tu, maana watengenezaji hawapimi fremu kwa namna moja, na watu wawili wenye miguu sawa wanaweza kutofautiana urefu wa kiwiliwili na mikono. Ndipo akanieleza kilichonipata. Kwa kuwa fremu ilikuwa ndefu, nilikuwa nauegemea usukani kwa uzito wangu wote, viwiko vimekakamaa, na kiganja kikaubana mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole vile viwili. Na kwa kuwa kiti kilikuwa chini mno, goti lilijikunja kupita kiasi kila mzunguko.

Nilimwomba anibadilishie kile kipande kifupi kinachoshika usukani, aweke kifupi zaidi. Angeweza kuchukua fedha yangu akaniwekea. Badala yake alitikisa kichwa.

"Mwanangu, kiti hupanda na kushuka. Usukani husogea kidogo. Lakini fremu ni mfupa. Nikiufupisha usukani hivyo, kwenye mteremko baiskeli itakuchezea, na barabara yako ina miteremko mingi."

Niliiuza ile ya buluu kwa kijana mmoja mrefu, kwa faranga 270,000. Nilimwona akiondoka nayo, amekaa sawasawa, nikafahamu kwamba haikuwa baiskeli mbaya hata kidogo. Nilipoteza 80,000, na mwezi ule nilikula maharage zaidi ya nilivyopenda. Baada ya wiki tano fundi alinipigia simu. Imepatikana ya 50, ya kijivu, ina mikwaruzo. Kabla ya kulipa niliiendesha nusu saa, nikapanda kilima na kukishuka. Nilikuwa naufikia usukani huku viwiko vimelegea. Sasa nafika nyumbani nimechoka miguu tu.

Nimerudi kuifikiria ile methali. Naielewa inapomsema mvivu anayelisingizia jembe ili asilime. Lakini mkulima halisi hupima mpini, na mpini mfupi humvunja mgongo hata akiwa hodari. Nilichelewa kupima kwa sababu nilifundishwa kuona aibu kuchagua. Mwanafunzi mwenzangu unayekusanya akiba yako, neno "utaizoea" likitoka kwa anayekuuzia, liogope. Rangi iangalie mwisho.

Pasaka nilikwenda nyumbani. Baba amelalamikia magoti yake miaka mingi, na sikuzote husema ni vilima. Nilimwomba akae juu ya baiskeli yake nyeusi huku nimeishika, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini. Kiti kikiwa sawa, hapo mguu hunyooka. Wake ulibaki umekunjwa sana.

"Kiti kiko chini, baba."

"Miaka 20 naiendesha hivi, mwanangu."

"Niruhusu nikipandishe kidogo. Ukikikataa nitakishusha."

Aliniachia, nadhani kwa kunionea huruma. Nikachukua spana, nikakipandisha sentimita tatu. Kesho yake alfajiri alifunga madumu, akaenda na maziwa, akarudi saa mbili. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akanawa, akaomba chai. Hakusema lolote kuhusu kiti.

Nilikaa nyumbani siku nne zaidi. Spana ilikuwa juu ya meza, na hakuigusa.