Sura ya Tatu Mezani

Mwaka wa tatu nilisimamiwa utafiti na Mmarekani mmoja aliyekuja kufundisha kwa mwaka mmoja. Muhula wa kwanza ukiwa ukingoni akanirudishia rasimu. Pembeni mwa sura ya tatu kaandika kwa kalamu nyekundu: “Let's table this for now.”

Mimi nikajua nimeelewa. Anayefuatilia Bunge letu anajua hati zinawasilishwa mezani, yaani zinaletwa zijadiliwe. Nikaona Dokta anaitaka sura haraka. Nikampigia mama simu kwamba likizo hii Songea siji, palizi wasinisubiri. Hakulalamika, akauliza tu kama nina hela ya kula. Sikuwa nayo. Boom iliyobaki iliishia steshenari na kwenye nauli za kusambaza madodoso. Wiki mbili kwenye bweni tupu, mimi na yule paka wa kantini.

Chuo kilipofunguliwa nikamkabidhi Dokta kurasa 31. Akazitazama, akanitazama. “Lakini nilisema tuiweke kando kwanza.”

Kumbe! Kwa Waingereza, ambao Bunge letu limerithi taratibu zao, “to table” ni kuleta jambo lijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuliahirisha. Hata wakubwa yaliwakuta: Churchill alisimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa Uingereza na Marekani walivyobishana kwa muda mrefu juu ya neno hilihili, mpaka wakagundua kwamba wote wanataka kitu kimoja. Ila wao hawakuwa na shamba linalosubiri jembe.

Na kamusi nisiisingizie. Niliyonayo kwenye simu ina maana zote mbili. Sikuifungua kwa sababu neno nililijua. Angeandika nahau ya ajabu, ile ya mvua ya paka na mbwa, ningeuliza siku hiyohiyo. Lakini “table”? Neno la shule ya msingi! Nimfuate mtu ofisini, mwaka wa tatu, nimuulize maana ya meza? Hata nilipopata kashaka kadogo, haya ilinizuia.

Dokta aliomba radhi, nami nikaomba. Sura ikakaa kabatini kwake hadi Mei. Palizi mama aliwalipa vibarua kwa hela ya mbolea. Mpaka leo sijamweleza sababu. Kila nikianza, nakwama kwenye kulitafsiri lile neno.