Swali la Shangazi kuhusu Mafua

Julai 2021 nilifika kijijini kwetu, wilayani Ikungi, wakati upepo wa kiangazi ukipeperusha vumbi la mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa. Nilimkuta shangazi yangu amejitanda kanga mbili, anakohoa, na wajukuu zake watatu wakipenga kamasi. Nilimuuliza kama si Uviko-19. Akanijibu kwa utulivu: "Haya ni mafua ya upepo, mwanangu. Mwaka jana hayakuja. Ile korona iliyafukuza, sasa yamerudi na hasira."

Nilicheka. Nilimwambia, kwa sauti ya mhadhiri, kwamba ugonjwa haufukuzi ugonjwa mwenzake kama jogoo amfukuzavyo jogoo uani.

Kumbe hufukuza. Homa ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1957 iliwaondoa virusi wa mafua waliokuwapo kabla yake, na ile ya 2009 ikawaondoa ndugu zake wa zamani wa kundi la H1N1. Mwili uliovamiwa na kirusi mmoja hutoa interferoni, kemikali inayozitahadharisha seli jirani, hivyo kirusi wa pili akija katika siku hizo hukuta milango imebanwa. Mwaka 2009 watafiti wa Ulaya walishuku kwamba virusi wa mafua madogo, yale ya kupenga kamasi tu, ndio waliochelewesha wimbi la homa mpya nchini Ufaransa.

Mwaka 2020 jambo hilo lilionekana kwa ukubwa usio na kifani. Kati ya Aprili na Julai, majira ya baridi ya kusini mwa dunia, Australia, Chile na Afrika Kusini zilipima sampuli 83,307 na kukuta homa ya mafua katika 51 tu. Ukoo mmoja wa virusi hao, B/Yamagata, haujathibitishwa popote tangu Machi 2020. Sehemu kubwa ya sifa ni ya barakoa, shule kufungwa na ndege kukaa chini. Tusimpe korona sifa yote. Lakini virusi wa RSV, wanaobana vifua vya watoto wachanga, walirudi Australia katikati ya kiangazi, nje ya msimu wao, wakakuta watoto wengi ambao hawakuwahi kukutana nao. "Yamerudi na hasira," alisema shangazi, ambaye hakuwa amesoma ripoti yoyote.

Je, Singida nako ilikuwa hivyo? Hapa ndipo ninapokwama, na kukwama kwangu ni suala la kisiasa. Mwaka 2020 serikali ilitangaza wagonjwa 509 na vifo 21, kisha takwimu zikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mzima. Mwanzoni mwa 2021 tuliokuwa tukizika tulijifunza msamiati mpya: marehemu alipata "changamoto ya upumuaji". Wengi wameulalamikia ukimya ule kwa sababu ulificha korona. Mimi nadhani ulificha zaidi ya hapo. Virusi hawa hugombea mapafu yaleyale. Ukikataa kumhesabu mmoja, huwezi kujua nani kaondoka, nani karudi, wala ni mtoto gani wa kuangaliwa zaidi msimu ujao. Watumishi wenzangu wa umma wanaojaza vitabu vya MTUHA wanalijua hili kuliko mimi: nimonia ni nimonia, iwe imeletwa na nani.

Shangazi alizidiwa mwezi Agosti. Alikuwa amejifukiza nyungu kwa siku nne kabla hajakubali kupelekwa kituo cha afya. Hakupimwa, vipimo havikuwapo siku hiyo, na sikuwa na nguvu ya kugombana na muuguzi aliyekuwa peke yake na wagonjwa wengi kiasi kile. Alifariki usiku wa pili.

Mtoto mdogo kati ya wale watatu alilazwa wiki hiyohiyo, akapona. Bado hupata kikohozi kila kiangazi kinapoingia, na mama yake hunipigia simu kuniuliza kama ni kile cha bibi. Humwambia ampeleke akapimwe. Huniuliza: akapimwe nini?