Kasa Asiyeweza Kuzama

Kasa mwenye afya akishtuka hupiga mbizi. Tunaowauguza hapa Watamu, pwani ya Kenya, mara nyingi ni wale walioshindwa kuzama: mgongo uko juu ya maji mchana kutwa, jua limelikausha gamba, mwani umeota pembeni. Wavuvi huwaleta wakidhani wamechoka.

Wengi wao utumbo umeziba. Kasa hula majani ya bahari, na vipande vya mifuko ya plastiki hunasa humo humo kwenye majani. Koo lake limejaa miiba iliyoelekea tumboni, kwa hiyo kilichoingia hakirudi. Plastiki ikikwama, chakula huchacha nyuma yake, gesi hujaa, mnyama huelea. Hapo hawezi kushuka kula wala kukwepa boti. Anakufa njaa na tumbo limejaa.

Tunamwongezea maji kwa sindano, tunampa dawa ya kulainisha choo, tunamweka kwenye tangi na kungoja, pengine miezi. Akitoa choo tunakichambua kwa mikono: vipande vya mifuko, kamba ya nailoni, uzi wa mshipi. Siku hiyo tunafurahi kweli. Wapo ambao siku hiyo haiwafikii.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini iliyokwisha kuingia baharini haiozi, na mikondo hutuletea hata chupa zenye maandishi ya Indonesia. Wako wanaosema basi kuokota taka ni kazi bure. Sikubali hata kidogo. Chupa ikiachwa juani hukatika vipande vidogo, na hivyo ndivyo vinavyomezwa na kasa wachanga. Wavu wa nailoni uliokwama mwambani nao huendelea kuvua bila mwenyewe, huku ukivunja matumbawe kila wimbi linapouvuta. Ndugu zangu wavuvi, wavu ukichanika rudini nao pwani.

Nawe ukimkuta kasa anaelea, usimsukume arudi kwenye kina. Mweke kivulini, mfunike kitambaa kilicholowa, pua uziache wazi, kisha waite askari wa hifadhi ya bahari. Ukiona uzi umechungulia mdomoni au nyuma, usiuvute. Ncha ya pili huenda imeshika ndani, na ukivuta unamkata utumbo.