Sanduku la Bati na Jina la Baba

Mwaka 1974 nilipochaguliwa kwenda sekondari, baba yangu aliuza kabichi akaninunulia sanduku la bati pale Lushoto mjini. Usiku wa kuamkia safari alikaa karibu na taa ya chemli, akachovya brashi katika rangi nyeupe, akaandika kwenye kifuniko jina langu la ubatizo na mbele yake jina lake. Baba hakusoma sana. Herufi moja aliigeuza, ikatazama nyuma, na wenzangu bwenini waliicheka kwa miaka minne.

Niliolewa mwaka 1984, wakati huo nikiwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga. Mume wangu ni mtu wa Kilimanjaro, na kwao jina la ukoo ni kitu kikubwa. Kanisani nilitia sahihi cheti cha ndoa kwa jina la baba. Haikupita wiki, wifi yangu akaja na kopo la rangi nyeusi, akapaka kifuniko cha sanduku, na kilipokauka akaandika jina langu pamoja na jina la ukoo wao. "Wifi," aliniambia, "sasa wewe ni wa kwetu kabisa." Sitaki kusema uongo, dada zangu: nilifurahi. Nilikuwa mgeni katika ukoo ule, na jina lile lilikuwa kama kiti nilichoandaliwa. Hata shuleni nilijisikia mtu mzima watoto walipoanza kuniita kwa jina jipya. Nikaandika barua kwa mwajiri, na kuanzia mwaka 1985 mshahara wangu ukaja kwa jina la mume.

Baba alikuja kututembelea tulipojaliwa mtoto wa kwanza, amebeba viazi na kikapu cha peasi. Sanduku lilikuwa pale sebuleni, limefunikwa kitambaa. Alipokaa, kitambaa kikateleza. Aliangalia kifuniko, akapitisha kiganja juu yake, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, sasa barua nikuandikie kwa jina gani?" Nikamjibu upesi upesi, huku nikihangaikia chai, kwamba atumie jina la mume. Akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo barua zake zote zilikuja na jina la ukoo wa wakwe zangu, na kila mara alilikosea. Alifariki mwaka 1996. Swali lake lile sikulifikiria tena kwa miaka mingi.

Jirani yetu pale Tanga alikuwa mama wa Kiislamu, mtu wa mzaha mwingi. Yeye ameolewa mara mbili, na mara zote mbili alibaki kuitwa kwa jina la baba yake, kama ilivyo desturi ya wenzetu Waislamu. Siku moja nilimwuliza kama mumewe haoni vibaya. Akacheka sana. "Mwalimu," akasema, "mimi niliolewa, sikuzaliwa upya."

Tatizo lilinipata mwaka 2019 nilipotimiza miaka 60 na kustaafu. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la baba. Cheti cha ualimu na barua ya kwanza ya ajira, vivyo hivyo. Hati za mshahara zina jina la mume. Kitambulisho cha Taifa kina jina la mume, na la baba halipo kabisa, kwa sababu siku ya kujaza fomu niliona halina kazi tena. Kijana mmoja mezani aliyafungua majalada yangu, akayatazama, kisha akaniuliza kwa adabu tu, "Mama, hawa ni watu wawili. Wewe ni yupi?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kwa makaratasi yale alikuwa na haki. Miaka yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa ya mwanamke mmoja, na iliyofuata ya mwanamke mwingine. Ilibidi niende kwa wakili kula kiapo kwamba majina yale yote ni yangu mimi mmoja, nitafute nakala ya cheti cha ndoa, na baadaye nitengeneze hati ya kubadili jina na kuisajili, jambo ambalo ningeweza kulifanya mwaka ule ule wa 1984. Nilihangaika miezi saba. Kiinua mgongo kikachelewa, na paa la nyumba tuliyokuwa tukijenga likapigwa na mvua za vuli bila bati. Dada unayetaka kuchukua jina la mumeo, chukua; lakini lichukue kila mahali kwa wakati mmoja, na katika kiapo uyaandike majina yote kama yalivyo kwenye vyeti vyako, herufi kwa herufi.

Katika kuhangaika huko ndipo nilipojua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina kifungu kinachomlazimisha mke kubadili jina. Nilidhani ni sheria, au walau ni amri ya Kanisa. Wala si mila ya wazee wetu wa Usambara. Wamisionari walioanza kazi Mlalo mwaka 1891 walitoka Ujerumani, ambako mke alichukua jina la ukoo la mume, na sheria yao iliyoanza mwaka 1900 ikaandika hivyo. Wenyewe wamekwisha kuilegeza: tangu mwaka 1994 mume na mke wa huko wanaweza kila mmoja kubaki na jina lake. Na katika Injili ya Luka yumo yule nabii mzee hekaluni, Ana. Aliishi na mume miaka 7, akabaki mjane mpaka uzeeni, na bado Luka anamtaja kuwa binti Fanueli. Jina la mumewe halimo. Nimesikia sura ile kila Krismasi tangu utoto, sikuwahi kuona hilo.

Jioni moja nilimweleza mume wangu yote haya. Akashangaa. "Lakini mimi sikukuambia ubadili," akasema. Ni kweli, hakuniambia. Na mimi sikumwuliza. Yeye alidhani nimependa, mimi nilidhani anatarajia, na wifi alikuwa na rangi tayari. Tulikaa kimya kidogo. Nilitaka kumlaumu mtu, lakini sikumpata.

Mwaka 2023 binti yetu wa mwisho alichumbiwa. Yeye ni muuguzi, na leseni yake na vyeti vyote vina jina la ukoo wa baba yake. Alituketisha, akauliza afanye nini. Mimi nilinyamaza makusudi, nikamwachia mume wangu. Alichukua muda. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema kwamba uamuzi ni wake na mchumba wake, lakini kama anamwuliza yeye kama baba, moyo wake ungefurahi abaki na jina. Binti alipotoka, mume wangu akanigeukia. "Sasa ndiyo nimemwelewa mzee," akasema. Kumbe siku ile ya peasi alikuwa amesikia swali la baba, na hajalisahau.

Binti alibaki na jina lake. Mkwe wetu hakuona tabu. Alisema mtaani watamwita Mama Fulani hata hivyo, jina la mtoto, na ni kweli, maana mimi mwenyewe nje ya makaratasi sijaitwa kwa jina la mume kwa miaka mingi. Wifi yangu, ambaye sasa ni bibi wa miaka themanini na ushei, alinung'unika kidogo, kisha akala pilau ya harusi kama sisi wengine.

Wakati wa kupanga vyombo vya harusi tulilitoa sanduku stoo. Nilimwomba binti ajaribu kuikwangua rangi nyeusi kwa kisu cha jikoni. Ilikuwa rangi nzuri, haikutoka yote. Zimeonekana herufi tatu za jina la baba, pamoja na ile iliyogeuka. Nimelirudisha sebuleni, bila kitambaa.