Bata mzinga wa Krismasi katika joto la Mombasa

Iwapo umezoea kula Krismasi huko bara, Limuru au Molo, ambako mtu huvaa sweta hata mchana, basi siku utakapoteremka Mombasa mwezi wa Desemba utatambua jambo moja kabla hujashusha mzigo wako garini. Joto. Kaskazi inavuma, ndiyo, lakini kipimo hufika nyuzi 31 au 32, na unyevu wa bahari hukufanya ujione kama umefunikwa blanketi iliyoloa maji. Sasa hebu jiulize itakuwaje kumwoka ndege wa kilo sita kwa muda wa saa tatu, ndani ya nyumba iliyoezekwa mabati.

Mimi nilijaribu, na nisingejaribu kama si kwa ajili ya baba yangu.

Mzee alikuwa mpishi wa walowezi huko Molo, kiasi cha mita 2,500 juu ya bahari, tangu miaka ya 1950 hadi baada ya Uhuru. Kila Krismasi alioka bata mzinga, akampamba, akampeleka mezani, kisha akarudi jikoni kungoja. Kilichomfikia yeye kilikuwa shingo na ncha za mabawa. Alipozeeka akaja kukaa nasi Mombasa, na siku moja alisema, bila kulalamika, kwamba amepika bata mzinga wengi asioweza kuwahesabu lakini hajapata kuketi mezani akakatiwa kidari. Wewe ungefanyaje?

Krismasi ya mwaka 2010 nilinunua mmoja aliyegandishwa, Nairobi, nikampakia katika basi la usiku. Baada ya kilomita 480 hivi za barabara alikuwa amelainika juu na mgumu kama jiwe ndani. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Ndege aliyeganda huyeyushwa ndani ya friji, na kila kilo mbili zataka siku nzima. Wa kilo sita apewe siku tatu. Kosa la pili, nilimjaza tumbo kwa mkate na vitunguu kama vitabu vya upishi vya Kizungu vinavyoelekeza, kisha nikampeleka katika oveni ya rafiki yangu. Muda wa saa moja na nusu haujaisha, stima zikapotea. Ziliporudi jioni tukaendelea kuoka, kana kwamba hakuna lililotokea.

Alitoka mwekundu kama dhahabu. Baba akamtoboa paja kwa uma, akainusa ile uma, akasema, "Huyu asiliwe na mtu." Tulimzika nyuma ya nyumba, tukala maharagwe na chapati. Mzee hakunilaumu. Alicheka kidogo tu, na kicheko kile kilinikera mwaka mzima.

Alikuwa amesema kweli. Nyama ikikaa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, vijidudu huzaana upesi mno. Wataalamu hushauri isikae nje ya friji kupita saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 muda huo hupungua ukawa saa moja. Ndani ya tumbo lililoshindiliwa mkate, moto huchelewa kufika kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo ukiwa pwani, msomaji, tumbo liache wazi. Huo mkate wako uoke kando.

Hata hivyo usiharakishe kusema kwamba ndege huyu ni wa nchi za baridi. Kwanza, si bata hata kidogo. Ni jamaa wa kuku na kanga. Pili, asili yake ni Meksiko, ambako wenyeji walimfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wahispania walimchukua mwanzoni mwa karne ya 16 wakampeleka Ulaya, na huko kila mtu akambandika jina la kwao mbali. Waingereza walimpa jina la Uturuki, Waturuki wenyewe humwita wa India, na Wareno humwita Peru. Tusiwacheke, maana nasi tuna mahindi, na mahindi nayo yalitoka hukohuko Marekani pamoja na pilipili, nyanya na mihogo. Huko Yucatan, mahali penye joto kama hili letu, hupikwa katika mchuzi mweusi wa pilipili zilizounguzwa. Kumbe yule wa Molo, mkavu, mwenye chumvi na pilipili manga tu, ndiye aliyekuwa ugenini.

Haya sikuyajua mwaka 2010. Mwaka uliofuata nilimpata jike mmoja kwa mfugaji wa upande wa Kilifi. Tulisafiri naye kwa matatu, miguu imefungwa, yeye kichwa nje ya pakacha akiwakaripia abiria hadi Mtwapa. Ua wetu ulipakana na wa bibi mmoja wa Kimvita, na alipomwona ndege yule akaniuliza, "Mwanangu, mwaka huu utamzika tena?" Mtaa mzima ulikuwa na habari.

Nilimwomba mwanawe amchinje, naye akamchinja kwa bismillahi, ili jirani yeyote aweze kula. Hivyo ndivyo tunavyofanya mitaani kwetu. Wewe mgeni usisahau. Ilikuwa alasiri ya tarehe 24. Mzozo ukaanza baada ya kunyonyolewa. Baba alitaka aokwe mzima. Bibi alitaka akatwe vipande.

"Bata mzinga hukatiwa mezani, mama," akasema baba.

"Mzee, huko Molo baridi ilikuwa msaidizi wako jikoni. Hapa tenga mapaja, umpalie moto juu na chini."

Walibishana hadi Magharibi. Suluhu ikawa hii: kidari kibaki kizima pamoja na mbavu zake, mapaja yatengwe, kwa sababu paja huchelewa kuiva na ukilingoja, kidari hukauka kama mbao. Mpaka leo sijaona shauri bora zaidi.

Nyama ya ndege aliyechinjwa sasa hivi hukaza ukiipika papo hapo; hutaka kulala. Huko Molo mzee alimtundika stoo tu. Mimi nilinunua barafu kwa wauza samaki, nikamlaza ndani ya sanduku la barafu usiku kucha, akiwa amepakwa chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo. Alfajiri bibi alikuja na kinu chake. Thomu, tangawizi, pilipili, bizari, ndimu, na bakuli la mtindi. Akapaka hadi chini ya ngozi.

Tulipikia uani, tukaanza kabla jua halijachomoza. Chukua sufuria kubwa la pilau, tandika vitunguu na viazi chini ili nyama isiguse moto moja kwa moja. Tangulia na mapaja. Baada ya dakika 45 hivi weka kidari juu yake, umwagie samli, ufunike. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, kama mtu anayeoka mkate wa kumimina. Kila nusu saa ongeza makaa na umwagie mchuzi wake mwenyewe. Tui zito liingie mwishoni, lisikatike. Wetu alichukua karibu saa tatu. Ukiwa na kipimajoto, kidunge katikati ya paja. Kikionyesha nyuzi 74, ondoa. Baba hakuwa nacho. Alitoboa penye kiungo, akatazama maji yakitoka meupe, akanusa uma, akatingisha kichwa kukubali.

Tuliandaa wali wa nazi na achari ya maembe, maana Desemba maembe yamejaa. Watu walipoketi, mzee alikuwa bado amesimama kando ya meza, kitambaa mkononi, akingoja kugawa. Bibi akamwambia, "Keti, mzee. Leo watumwa ni sisi." Akaketi. Nikamkatia kidari, kipande kinene chenye ngozi. Alikula polepole bila kusema neno, na sisi tukajifanya hatumtazami. Alipomaliza aliuliza kama kimebaki kingine.

Kilikuwapo. Mapaja yote yalikwenda kwa bibi na watoto wa mtaa. Mifupa tuliirudisha jikoni kabla ya adhuhuri kupita, ikachemshwa na ndimu na pilipili, na supu ile tuliinywa jioni kwa mkate wa mofa. Shingo, baba alisema wapewe paka.