Hewa iliyo ndani ya taa kubwa

Kazi yangu ni ufundi wa umeme. Watu huniuliza: taa mbili za uwanjani zala umeme sawasawa, mbona moja yamulika mara mbili kuliko mwenzake? Wadhani siri imo katika nyaya. Sivyo. Siri imo katika kichupa kidogo katikati ya taa. Mle hamna uzi wa kuwaka. Ni hewa yenyewe inayong'aa, umeme ukipita ndani yake. Basi wanaozitengeneza huuliza kwanza: tutie hewa gani?

Zamani walitia zebaki na argoni kidogo. Argoni huanzisha, kisha zebaki hupata moto, hugeuka mvuke na kumulika. Kila wati moja ilitoa lumeni 50 hivi. Lakini nuru ile ina wekundu haba sana, hata mtu mwenye afya aonekana kama maiti.

Gilbert Reiling alikuwa mtu wa kampuni ya General Electric huko Schenectady, Marekani. Mwaka 1961 aliomba hati ya uvumbuzi wake: kutia pamoja na zebaki chumvi za madini na iodini, ile dawa ya kahawia tunayopaka vidonda. Tazameni akili hiyo. Sodiamu peke yake hula kioo cha kwatzi; madini mengine hayageuki mvuke kwa urahisi. Yakifungwa na iodini, hugeuka. Katikati, penye moto mkali, yaachana na iodini na kumulika kila moja kwa rangi yake; karibu na kioo, penye moto kidogo, yaungana nayo tena, na kioo hakiliwi upesi. Ni kama mume na mke wanaogombana njiani na kupatana mlangoni! Nuru ikapita lumeni 80 kwa wati, nyuso zikapata rangi zake.

Taa za njano za barabarani nazo hutiwa zenoni. Chembe zake ni nzito, hazipeleki joto upesi hadi ukutani, hivyo umeme mwingi zaidi hugeuka nuru. Ukizidisha zenoni, nuru yazidi. Lakini kuiwasha kwawa kugumu, yataka pigo la maelfu ya volti. Kila hewa ina deni lake.

Deni la zebaki ndilo baya, maana ni sumu. Mwaka 1994 huko Washington walijaribu taa za kiberiti na argoni, zisizo na zebaki kabisa. Zilimulika vizuri, lakini hazikuenea. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulikataza kutengeneza na kuuza nchi za nje taa za mvuke wa zebaki baada ya mwaka 2020, na sasa taa za LED zashika mahali pao.

Hata hivyo zile nzee zingali juu ya milingoti. Nikishusha moja, siiachi chini hata dakika moja. Watoto hupenda kuvunja kichupa na kuchezea ile zebaki inayoviringika kiganjani.